Ajali haina kinga, lakini presha ina dawa

Ukikaa kwenye msiba wowote hapa Dar es Salaam siku hizi, uwe Buguruni, Temeke au Magomeni, utasikia mazungumzo ambayo sasa yamekuwa kama sehemu ya mazishi. Mtu anauliza, "Jamani, marehemu alikuwa anaumwa nini?" Anajibiwa, "Wala hakuwa anaumwa. Juzi tumeswali naye Isha, mzima kabisa. Ni presha tu." Watu wananyamaza kidogo, mmoja anasema ajali haina kinga, na mazungumzo yanahamia kwenye foleni ya magari na bei ya mchele.

Neno linalonishughulisha mimi hapo ni hilo "tu". Hatusemi "ni simba tu" juu ya mtu aliyeliwa na simba. Lakini maradhi yanayotuangusha kuliko simba wote wa Tanzania tumeyapa neno la kuyadogosha, kisha tukayafunika kwa methali, tukaenda zetu.

Ndugu msomaji, mimi si daktari na wala si mufti. Ninachotaka tukitazame kwa pamoja ni swali ambalo nadhani tunalikwepa. Mtu amepimwa, ameambiwa presha yake iko juu, amepewa vidonge. Amemeza wiki tatu, akajiona mzima, akaviweka juu ya kabati. Mkewe akimkumbusha anasema siku yake imeshaandikwa, haitangulii wala haichelewi. Je, mtu huyu ametawakali, au kuna deni amelikimbia? Na kama ni deni, anayemdai ni nani?

Jambo la kwanza la kushangaza ni kwamba hoja hii ya "imeshaandikwa" tunaitumia kwenye mwili peke yake. Sijawahi kumuona mfanyabiashara wa Kariakoo aliyeacha mlango wa duka wazi usiku kwa sababu riziki imeshaandikwa. Sijamuona mzazi aliyemwambia mwanawe avuke Barabara ya Morogoro akiwa amefumba macho. Tunafunga kufuli mbili, tunaweka na mlinzi, tunasoma na dua. Kisa cha ngamia wa kufungwa kwanza ndipo kutawakali kila mtoto wa madrasa anakijua. Tunakifanyia kazi vizuri sana kwenye mali. Kwenye mishipa ya damu ndipo tunakuwa mawalii.

Hebu tumrejee Sayyidna Umar (RA). Wakati wa tauni ya Amwas alikuwa njiani kuelekea Sham, akafika mahali paitwapo Sargh, akapata habari kwamba maradhi yameenea huko mbele. Aliwashauri Muhajirina, wakatofautiana. Akawashauri Ansari, nao wakatofautiana. Kisha akawaita wazee wa Kikuraishi, wote wakamshauri arudi na watu. Abu Ubaydah (RA), na huyu si mtu mdogo, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Jibu la Umar ni maarufu: kwamba anatoka kwenye kadari ya Allah na kuelekea kwenye kadari ya Allah. Akampigia mfano wa mchungaji mwenye bonde lenye pande mbili, mmoja una majani na mwingine mkavu, na kokote atakakolisha amelisha kwa kadari.

Kisa hiki tunakisimulia sana, ila kuna mambo mawili huwa tunayaruka. La kwanza ni kwamba Umar hakuamua kwa hofu, aliamua baada ya kukusanya habari na ushauri, na Abdurrahman bin Awf (RA) alipokuja na maneno ya Mtume (SAW) juu ya tauni, yakawa yameafikiana na uamuzi huo. La pili ni kwamba Abu Ubaydah mwenyewe alirudi kwa watu wake Sham na akafa kwa tauni hiyo hiyo. Hakuna Muislamu hata mmoja anayemlaumu. Nakuomba ulishike hili la pili, kwa sababu nitalirudia.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, analo jambo linalotusaidia zaidi hapa. Alipozungumzia tawakkul aliziweka sababu za kuondoa madhara katika daraja. Ziko za yakini, kama maji kwa mwenye kiu na mkate kwa mwenye njaa, na kuziacha hizo si tawakkul kabisa. Ziko za dhana, na humo akaziweka dawa za matabibu. Kuzitumia hakuharibu tawakkul, lakini hazina uzito ule wa mkate. Na ziko za kubahatisha. Mpangilio huo ulikuwa wa haki kwa zama zake, maana dawa nyingi za wakati ule zilikuwa kweli ni dhana. Swali ambalo nadhani ni letu kulijibu ni hili: dawa ikitoka kwenye dhana ikasogea karibu na yakini, wajibu nao hausogei?

Tuchukue presha. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alifariki tarehe 12 Aprili 1945 akiwa na miaka 63, kwa damu kuvuja kwenye ubongo. Presha yake siku hiyo ilipimwa ikazidi 300 kwa 190. Mwaka mmoja kabla, daktari wa moyo alikuwa ameshaikuta ni 186 kwa 108. Daktari wake mkuu akawaambia watu kwamba kifo kile kimekuja ghafla bila dalili. Kwa Kiswahili cha msibani kwetu: alikuwa mzima tu. Huyu alikuwa mtu mwenye madaraka makubwa kuliko karibu wote duniani, na hapakuwa na kidonge cha maana cha kumpa. Hata baadhi ya madaktari wakubwa wa zama hizo waliamini presha ikipanda mzeeni ni lazima ipande ili damu ipite, na kwamba kuishusha ni hatari.

Miaka 22 baadaye, mwaka 1967, hospitali za askari wastaafu huko huko Marekani zilitoa matokeo ya jaribio lililowahusu wanaume 143 wenye presha kubwa. 73 walipewa dawa, 70 wakapewa vidonge visivyo na kitu ndani. Katika wale wasio na dawa yalitokea madhara makubwa 27, vikiwemo viharusi na vifo. Katika wale wa dawa yalitokea 2. Soma tena ndugu yangu, 27 kwa 2. Tangu hapo majaribio yamefanywa kwa maelfu kwa maelfu ya watu na jibu halijageuka. Kwa hiyo Roosevelt alikuwa na udhuru ambao jirani yangu mwenye vidonge juu ya kabati hana.

Na sisi tuko wapi? Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2000 uliofanywa Ilala hapa Dar es Salaam na katika kijiji cha Shari, mkoani Kilimanjaro. Karibu watu wazima watatu kati ya kumi walikutwa na presha iliyopanda, mjini na kijijini, hivyo tusijidanganye kuwa haya ni maradhi ya matajiri wa Masaki. Kati ya hao wenye presha, hawakufika hata mmoja kati ya watano waliokuwa wanajijua. Waliokuwa wanatibiwa ni kama mmoja kati ya kumi. Ambao presha yao ilikuwa imetulia kwa dawa hawakufika mmoja kati ya mia. Kisha wakaja watafiti wengine, kuanzia mwaka 2003, wakahesabu kwa miaka mitatu watu waliopata kiharusi kwa mara ya kwanza. Baada ya kusawazisha umri, Wilaya ya Hai ilikuwa na watu kama 109 kwa mwaka katika kila 100,000. Dar es Salaam ilikuwa na 316. Hesabu hiyo ilikuwa miongoni mwa kubwa kabisa zilizowahi kuandikwa duniani.

Sasa tuje kwenye deni. Huyu bwana wa vidonge juu ya kabati anasema mwili ni wake, na kama ni kufa atakufa yeye. Tatizo ni kwamba wengi hawafi. Kiharusi mara nyingi hakiui siku ile, kinamlaza mtu upande mmoja. Nawafahamu familia moja, sitasema mtaa gani, ambayo baba aliangushwa na presha akiwa na miaka 52. Binti yake wa pili alikuwa chuoni anasomea ualimu, akarudi nyumbani "kwa muda" kumgeuza baba kitandani kila baada ya saa chache ili asipate vidonda. Muda huo umefika miaka sita. Mtoto wa kiume anauza genge. Mama alikuwa na biashara ya vitenge, mtaji ukaishia hospitali. Baba yupo, Alhamdulillah, anatabasamu ukimsalimia, ila neno halitoki.

Nikiwaangalia hawa ndipo ninapoona kwamba ile kauli ya "mwili ni wangu" haina ukweli hata kwa hesabu za kidunia, achilia mbali kwamba kwa Muislamu mwili ni amana na una haki juu ya mwenyewe, kama Mtume (SAW) alivyomfundisha Abdullah bin Amr (RA) alipozidisha kufunga na kusimama usiku. Kama ibada yenyewe haikuruhusiwa kuuvunja mwili, chipsi zitakuwa na hoja gani? Aliyeandikiwa kulipa gharama ya vidonge visivyomezwa alikuwa binti yule, na yeye hakuulizwa.

Lakini hapa inabidi nisimame, kwa sababu nimeona hoja hii ikigeuzwa rungu. Kuna watu siku hizi wakimuona mgonjwa wanaanza kumhoji kama polisi: ulikuwa unakula nini, si tulikuambia. Tuna hata methali yake tayari, sikio la kufa halisikii dawa, na huwa tunaisema kwa sauti ya ushindi. Huo ni ufidhuli. Mkumbuke Abu Ubaydah. Maradhi humpata mwenye kujitunza na asiyejitunza. Wapo waliomeza dawa kila siku na bado wakaanguka, na wapo waliorithi presha kutoka kwa mama na bibi. Na kuna mtu ambaye kidonge kiliisha zahanati, akaambiwa akanunue, na pesa ya mfukoni ni ya unga wa watoto. Huyo hana deni. Wanaodaiwa ni wengine, nao wanakaa ofisini. Wala msinielewe kwamba aliyepuuza dawa amejiua. Aliyesahau, aliyechoka na aliyeogopa si sawa na aliyekusudia, na nia za watu ana hesabu nazo Mola wao. Nazungumza na aliye hai, mwenye uwezo, na vidonge viko juu ya kabati.

Upande wa pili kuna kosa lingine, nalo limeingia mjini na vioo vikubwa vya jimu. Mtu anautunza mwili mpaka unakuwa ndiyo kibla chake. Anahesabu hatua, anahesabu protini, anajipiga picha, lakini mama yake mzazi yuko Tandika hajamuona miezi mitatu. Kuishi miaka 90 ili iweje? Umri mrefu ni neema ukiwa na kazi ya kufanya humo ndani.

Ukiniuliza ni afya gani hasa anayopaswa mtu kuiomba na kuihangaikia, nitakwambia nenda msikitini uangalie safu ya nyuma. Viti vya plastiki vimeongezeka mwaka hadi mwaka. Mwenye udhuru ana udhuru wake na swala yake ni kamili, hilo halina mjadala. Ila waulize wengine umri wao, utakuta mtu ana miaka 48. Hajavunjika goti, amekaa tu. Amekaa kwenye gari, ofisini, kwenye sofa, mpaka miguu imesahau namna ya kumuinua. Madaktari wa Rio de Janeiro nchini Brazil walichapisha mwaka 2012 matokeo ya kuwapima watu 2,002 wa miaka 51 hadi 80 kwa jambo moja jepesi: kaa chini sakafuni, kisha inuka, na kila ukishika kitu au kuweka mkono unapunguziwa alama. Walipowafuatilia kwa miaka kama sita, wale wa alama za chini kabisa walikuwa wamekufa kwa wingi zaidi kuliko wenzao. Kuinuka si dawa ya kuzuia mauti, bila shaka. Kunaonyesha tu nguvu iliyobaki kwenye akiba. Lakini mtu anayeswali sakafuni rakaa zake zote kipimo hiki anacho bure, na siku akiona anaanza kutafuta ukuta wa kushikia, ajue ni wakati wa kuanza mazoezi ya miguu, kabla hajakifikia kiti.

Habari ya kukaa inaongoza moja kwa moja kwenye daladala. Miaka zaidi ya 70 iliyopita Uingereza, daktari Jerry Morris na wenzake waliwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walikuwa watu wa tabaka moja, basi moja, hewa moja. Tofauti ni kwamba dereva alikaa kutwa nzima, na kondakta alipanda na kushuka ngazi mamia ya mara kwa siku akikusanya nauli. Matokeo yalitoka mwaka 1953: makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache zaidi, na yalipowapata hayakuwa makali kama ya madereva. Wakatazama na watu wa posta, wakakuta wanaotembeza barua wako salama kuliko wanaokaa dirishani. Wapinzani wakasema labda madereva walikuwa wanene tangu mwanzo. Morris akaenda kuchunguza vipimo vya suruali za sare zao, na kweli madereva walikuwa na viuno vipana zaidi, jambo lililowafanya watafiti kuwa waangalifu zaidi, lakini kazi nyingi zilizofuata ziliuthibitisha msingi wake. Mwenyewe alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99. Hilo silifanyi hoja, maana kila mtaa una mzee wa miaka 90 aliyevuta sigara maisha yake yote. (Na sisemi makonda wetu wana afya. Moshi wanaoumeza mlangoni kutwa ni habari nyingine.)

Sisi hapa mjini tulikuwa na utembeaji wetu bila kuuita mazoezi. Kutoka kituoni hadi nyumbani robo saa, asubuhi na jioni, siku tano au sita. Piga hesabu, inakaribia saa tatu kwa wiki, na Shirika la Afya Duniani linachoomba ni dakika 150 za mwendo wa kukaza. Bodaboda ndiyo iliyotuondolea. Tunailipa itunyang'anye kile ambacho wengine wanakilipia jimu. Basi tuanzie hapo, tushuke kituoni tutembee, na msikitini twende kwa miguu.

Kwenye chakula nitasema machache, kwa sababu kila mtu anajua na hakuna anayetaka kusikia. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku, ikihesabiwa na iliyomo kwenye mchuzi, mkate na vile vidonge vya supu. Huko China, utafiti wa vijiji 600 uliotolewa mwaka 2021 uliwabadilishia watu chumvi, sehemu yake ikawa ya potasiamu badala ya sodiamu, na viharusi vikapungua kwa asilimia 14. Mwenye maradhi ya figo asiiguse chumvi hiyo bila daktari. Sukari ya chai yetu ya asubuhi ni msiba peke yake. Na mwezi wa Ramadhani, ambao ungekuwa mapumziko ya tumbo, tumeugeuza kuwa mwezi wa kukaanga: sambusa, kachori, magimbi ya nazi, uji wenye sukari nusu kilo, halafu pilau saa nne usiku. Mafundisho ya theluthi ya tumbo kwa chakula, theluthi kwa maji na theluthi kwa pumzi tunayasikia kwenye darsa la Alasiri na kuyavunja Magharibi. Zaidi ya hapo, kuna wanaoacha dawa za presha mwezi mzima wakidhani funga inawalazimisha, wakati dawa nyingi ni za mara moja kwa siku na daktari anaweza kuzipanga wakati wa futari au daku. Mwenye kisukari aende kwa daktari Shaaban, asingoje kuanguka kumi la kwanza.

Sigara wala sina haja ya kuibishania. Madaktari wa Uingereza waliofuatiliwa kwa miaka 50 walionyesha kwamba mvutaji hupoteza kama miaka kumi, na aliyeacha akiwa na miaka 50 hurudishiwa kama sita.

Hata hivyo, hayo yote yanakuja baada ya kujua namba yako, na namba haionekani kwenye kioo. Presha haiumi. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi kwa kupimwa siku tofauti, umeshaingia kwenye kundi, ujisikie unavyojisikia. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wazee, ila hapa mwenye maradhi hajaficha kitu, hajui tu. Ndiyo maana katika msikiti mmoja ninaoswali lilipelekwa pendekezo kwamba kila Ijumaa baada ya swala watu wapimwe bure uani. Palikuwa na mjadala mrefu. Mzee mmoja alisema msikiti si zahanati. Mwingine akauliza nani atalipa kipimo kikiharibika. Kijana mmoja akasema jambo ambalo nililiona la maana kuliko yote, kwamba watu hawatakuja kama namba zao zitasomwa mbele ya kadamnasi, hivyo kila mmoja aandikiwe kikaratasi chake na kukunjiwa. Ikakubaliwa. Mashine mbili za mkononi zimenunuliwa kwa mchango, na dada mmoja muuguzi amejitolea upande wa wanawake, ambako foleni ilijaa tangu wiki ya kwanza. Upande wa wanaume bado anatafutwa mtu atakayekubali kubaki nusu saa baada ya Ijumaa, muda ambao biriani imeshapakuliwa nyumbani.